Ukocha wa viongozi wa biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wenye biashara, wakurugenzi na mameneja, wengi wao wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito. Mifano ya wateja nimeichanganya na kuibadilisha ili asitambulike mtu.

Ukocha wa uongozi ni nini, na una tofauti gani na ushauri wa biashara?

Mshauri unamlipa kwa anachokijua. Anapitia hesabu zako, anakuandikia ripoti na kukueleza la kufanya. Mlezi wa kikazi ni mtu aliyekutangulia kwenye njia unayopita, anakusimulia alikojikwaa. Mnasihi hushughulika na maumivu ya moyo. Kocha anashughulika na wewe ukiwa kazini: unavyoamua, unavyosikiliza, unavyokasirika, na jinsi hayo yote yanavyowafikia watu walio chini yako. Si lazima aijue biashara ya saruji kukuzidi. Lazima ajue kuuliza, ajue kunyamaza, na awe na moyo wa kukuambia alichokiona bila kuzunguka.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukusaidia uone yale ambayo wote wanaokuzunguka wanayaona kwako isipokuwa wewe. Nayaita mambo ya kisogoni. Kila mtu ana kisogo, na wanaokuja nyuma yako wanakijua kuliko unavyokijua wewe.

Biashara yangu inakwenda vizuri na faida naiona. Kuna nini tena nisichokiona?

Mafanikio ndiyo yanayoficha. Mtu aliyeanza na meza moja Kariakoo hadi akawa anaagiza makontena kutoka Guangzhou ana kila sababu ya kuuamini utaratibu wake. Kuamua haraka, kushika fedha mwenyewe, kutomwamini mtu ovyo: tabia hizo zilimwokoa alipokuwa na wasaidizi wawili. Akifikisha wafanyakazi sitini, tabia zilezile zinaanza kumla taratibu, naye hashtuki, kwa kuwa bado anazihesabu kuwa ndizo nguvu zake.

Fikiria mama mmoja anayeuza vitenge kwa jumla. Alikuwa na hakika kwamba hana hata mfanyakazi mmoja wa kuaminika. Kila hundi alisaini yeye, kila bei aliipitisha yeye, na funguo za stoo zilikuwa kwenye mkoba wake. Alipokwenda Hija, wateja wa Mbeya na Songea waliambiwa wasubiri mama arudi, na wengine wakaenda kununua duka la jirani. Aliporudi alisema, “Si mnaona? Nikiondoka hakuna kinachofanyika.” Watu wake waliliona jambo hilo kwa namna nyingine kabisa: tangu waajiriwe hawajawahi kuachiwa uamuzi hata mmoja wakaufikisha mwisho. Akili alikuwa nayo, tena nyingi. Hakuwa na mtu wa kumweleza mambo yanavyoonekana upande wa pili wa kaunta.

Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora mchoro wa vyumba vinne, wakauita Johari kwa kuunganisha majina yao ya kwanza. Kuna mambo yako unayoyajua wewe na wenzako pia. Kuna unayoyajua wewe peke yako. Kuna yasiyojulikana na yeyote. Na kuna yale wanayoyajua wenzako ilhali wewe huyajui. Kwa hayo ya mwisho, kujifungia chumbani ukajitafakari usiku kucha hakutakusaidia, maana habari zenyewe huna. Ziko kwa watu, na lazima zitoke kwao.

Usidhani elimu itakukinga. Mwaka 2002 Emily Pronin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba watu ni wepesi kuuona upendeleo katika hukumu za wengine huku wakijiona wao wamesalimika kuliko mtu wa kawaida. Hata walipoelezwa upendeleo huo unavyofanya kazi, wengi waliendelea kushikilia kwamba wao wamejipima kwa haki. Kila nikikutana na kiongozi anayeniambia, “Mimi najijua vizuri,” nakumbuka utafiti huo.

Mlango wa ofisi yangu uko wazi saa zote. Kwa nini wasije kuniambia?

Hili naliona ndilo swali kubwa kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu.

Mfanyakazi anayekuletea habari mbaya anakusoma uso kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Umekunja uso? Umeuliza “nani kafanya?” kabla ya kuuliza “imekuwaje?” Basi amejifunza, na mchana wakila atawafundisha wenzake. Haihitaji kurudia mara nyingi. Msaidizi mmoja akifokewa mbele ya watu kwa kusema mzigo umechelewa, idara nzima itaanza kuripoti kwamba mzigo “uko njiani”.

Ongeza na malezi yetu. Tumefundishwa kumwamkia mkubwa shikamoo, kutomkatiza anapozungumza, kuinamisha macho tunapokanywa. Ni malezi mema na sitaki yapotee. Lakini tunaingia nayo ofisini. Kijana anayemwita mkurugenzi “mzee” hawezi kumwambia kikaoni kwamba hesabu zake za mafuta haziko sawa. Atasema “sawa, mzee”, kisha ukweli atauandika kwenye lile kundi la WhatsApp ambalo mzee hayumo. Kundi hilo lipo karibu kila ofisi. Usilitafute, na usimwulize mtu nani yumo. Jiulize kwa nini yanayosemwa humo hayasemwi mbele yako.

Ukimya huu si wa Waswahili peke yetu, na gharama yake imeonekana mbali na hapa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Uhispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye barabara ya kurukia, ukungu ukiwa mzito. Walikufa watu 583. Rubani wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa ndege hizo katika shirika lake, mtu mwenye heshima hata picha yake ilitumika kwenye matangazo. Alikuwa ameanza kuiondoa ndege kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine, ya Pan Am ya Marekani, ilikuwa bado haijatoka barabarani. Rubani alijibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Muda mfupi baadaye zikagongana.

Mhandisi yule alikuwa na mashaka yaliyo sahihi, na alithubutu kuyatamka mara moja. Mara ya pili ilizimwa na uhakika wa mkubwa wake. Kutokana na ajali kama hiyo, mwaka 1979 shirika la anga la Marekani, NASA, liliitisha warsha iliyozaa mafunzo ya kushirikiana ndani ya chumba cha rubani, na mwaka 1981 shirika la ndege la United likaanza kuyatumia. Wadogo hufundishwa kusema na kurudia. Wakubwa hufundishwa kuuliza na kupokea. Angalia vizuri: hawakuwaacha wadogo wapambane na woga wao peke yao. Na kapteni naye walimfundisha.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kinachokukosesha habari ni kwamba bila kukusudia umewafundisha watu kunyamaza, na wewe ndiye unayeweza kuwafundisha upya. Mlango wazi hautoshi. Watu wanaangalia yaliyompata yule wa mwisho aliyeingia.

Kocha atayajuaje mambo yangu ambayo hata mimi siyajui?

Kwa kuzungumza na watu, na kwa kuketi akatazama.

Kwanza tunakubaliana watu wanane hadi kumi na wawili: wanaoripoti kwako, wenzako wa ngazi moja, aliye juu yako kama yupo, na mara nyingine mteja mkubwa au mtu wa benki. Naongea na kila mmoja peke yake, nje ya ofisi ikiwezekana. Siulizi “kasoro zake ni zipi?” Swali hilo linawafunga watu midomo au linawafungulia majungu. Nauliza: ni wakati gani unafanya kazi naye vizuri kabisa? Ni wakati gani unaamua kutomwambia jambo? Akibadilisha kitu kimoja mwezi ujao, kipi kitakurahisishia kazi?

Kisha naomba kukaa kwenye kikao cha kawaida, pembeni, bila kusema neno. Chukua kampuni ya malori yanayopeleka mizigo kutoka Bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka. Kikao cha Jumatatu asubuhi, chai na chapati mezani. Mkurugenzi anasema anataka michango. Mkuu wa karakana anaanza, “Bosi, zile tairi za Scania…” Anakatizwa: “Tairi tumeshazungumza.” Anakaa. Anafuata mhasibu, amefungua faili, anasoma. Mkurugenzi anachukua simu, anapitisha kidole juu ya kioo, anasema, “Endelea, nakusikia.” Mhasibu anatazama ile simu, anafunua kurasa mbili kwa pamoja, anasoma jumla na kufunga faili. Kurasa alizoziruka zilikuwa za wadaiwa.

Mchana nikiwa na mkurugenzi peke yetu, simwambii kwamba ana dharau. Namuuliza, “Mhasibu wako aliporuka zile kurasa, wewe ulikuwa unafanya nini?” Hakukumbuka kabisa kwamba alishika simu. Alikuwa na hakika kwamba alimsikiliza hadi mwisho. Nilimsomea nilivyoandika, kwa mpangilio wake, kisha nikanyamaza. Alikaa kimya kwa muda, halafu akamwita mhasibu alete lile faili.

Tazama kilichosaidia pale: tendo moja, siku moja, chumba kimoja, lililoandikwa kama lilivyotokea. Ukimwambia mtu “husikilizi watu” atakuletea mashahidi kumi kwamba anasikiliza. Ukimwambia ulichokiona saa tatu na nusu asubuhi, ana cha kufanyia kazi.

Watu wakitoa maoni kwa siri, si watanisema vibaya kwa chuki zao?

Wachache watafanya hivyo. Ndiyo maana jambo likisemwa na mtu mmoja tu, mara nyingi siliandiki. Nikilisikia kwa watatu wasiokaa idara moja, linaingia.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaiwazi: maoni yenyewe yanaweza kudhuru. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu mirejesho kazini wakakuta kwamba kwa wastani inasaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo ilishusha utendaji wa mtu. Maelezo yao ni kwamba mrejesho unapomgeuza mtu kuwaza yeye ni nani badala ya kuwaza kazi aliyo nayo, anapoteza nguvu kujitetea. Kwa hiyo sikubali utaratibu wa kumtumia bosi kurasa ishirini za alama na grafu kwa baruapepe Ijumaa jioni. Naipeleka ripoti mwenyewe, tunaisoma pamoja, na tunachagua mambo mawili tu. Mengine yanangoja.

Kama mnatumia dodoso la mtandaoni, kumbukeni kwamba hizo ni taarifa binafsi za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Wahusika waelezwe mapema nani atayasoma majibu yao, yatatunzwa wapi na yatafutwa lini. Idara yenye watu wawili msiiweke peke yake kwenye ripoti, maana atajulikana tu nani kasema nini.

Kampuni ndiyo inayolipa. Je, yale ninayosema yatafika kwa bodi?

Yasifike. Kabla ya kuanza, watatu tunakaa meza moja, wewe, anayelipa na kocha, tunaandika malengo ambayo wote wanayajua. Bodi itaambiwa kama vikao vinafanyika na kama malengo yanaenda. Yaliyosemwa ndani yanabaki ndani, isipokuwa kama kuna hatari kwa maisha ya mtu au uvunjaji wa sheria, na hilo nalo linaandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Kocha anayekubali kuwa jicho la mwajiri, mwambie hapana hata kama ni bure.

Haya si mambo ya Wazungu tu?

Jina na vyeti vilikuja kutoka huko. Timothy Gallwey alikuwa akifundisha tenisi Marekani miaka ya 1970 alipoanza kuwauliza wachezaji wanachokiona badala ya kuwaamuru, na John Whitmore wa Uingereza akaupeleka mtindo huo maofisini. Lakini kumweka karibu mtu mwenye ruhusa ya kukuambia ukweli ni jambo tulilokuwa nalo.

Tazama utani. Wazaramo na Wanyamwezi, Wachaga na Wapare, babu na mjukuu. Msibani mtani anaweza kusimama akamsema marehemu na wafiwa kwa uchoyo wao, kwa majivuno yao, na mwenye nyumba hana haki ya kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye aliyekosa adabu. Jamii ilijua kwamba heshima peke yake inawafungia wakubwa habari, ikawawekea mtu ambaye kazi yake ni kusema. Pwani, bibi harusi alikuwa na somo wake, anayemweleza faraghani yale ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka. Anayetaka kuelewa kazi yangu afikirie watu hao wawili kwanza, ndipo aje kwenye vyeti.

Na mkurugenzi wa leo amewapoteza wote wawili. Wadogo wanamwogopa, wenzake wanashindana naye, nyumbani hataki kupeleka mambo ya kazi, na hata watani wake wa utotoni siku hizi wanamwomba mkopo. Upweke huo ni wa kweli. Nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi kwa sababu tu mtu amewauliza swali moja na kusubiri jibu.

Nikionekana nina kocha, si nitaonekana nimeshindwa kazi?

Atul Gawande ni daktari wa upasuaji wa Boston mwenye jina kubwa. Mwaka 2011 aliandika kwamba alifika mahali akaona hazidi kuwa bora, akamwomba mwalimu wake wa zamani aliyestaafu, Robert Osteen, aje amtazame akipasua. Upasuaji ulikwenda vizuri, na Gawande alidhani hakuna la kuambiwa. Osteen alikuwa ameandika mengi: kiwiko kilichokuwa kinapanda juu, taa iliyokuwa imehama kutoka kwenye kidonda bila daktari kugundua. Mambo hayo yasingeonekana kwenye takwimu zozote za hospitali.

Eric Schmidt alipokuwa akiongoza Google mwaka 2001, John Doerr wa bodi alimwambia atafute kocha, na mwanzoni alichukia, akaona kama wanamtilia shaka. Baadaye alisema hadharani kwamba ule ulikuwa ushauri bora kuliko wote aliowahi kupewa. Kocha mwenyewe alikuwa Bill Campbell, ambaye kabla ya biashara alikuwa kweli kocha wa mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Mimi ni mwanamke. Maoni ya watu kuhusu “ukali” wangu niyachukuliaje?

Kwa uangalifu. Mwanamume akisema “mzigo utoke leo” anaitwa mwenye msimamo, mwanamke akisema hivyohivyo anaitwa mkali, na wakati mwingine wanauliza kama nyumbani kuko salama. Kocha akikuletea maneno ya namna hiyo bila kuyachuja amekukosea. Wajibu wake ni kuuliza tena: alifanya nini, lini, na kazi iliharibikaje? Likibaki tendo lenye madhara, tulifanyie kazi. Likibaki neno tupu, ni lao wanaolisema, na huenda kinachotakiwa ni kukusaidia usilibebe. Wapo viongozi wanawake waliojipunguza sauti kwa miaka mingi kwa sababu ya mrejesho uliokuwa chuki ya jinsia tangu mwanzo. Linaniuma kila nikikutana nalo.

Biashara ni ya familia. Kocha ataingiaje kati ya ndugu?

Asiingie kati. Akae na mmoja, au akae na wote kwa makubaliano yaliyoandikwa, lakini asiwe mjumbe wa kupeleka maneno kwa kaka na kuyarudisha kwa dada. Mara nyingi kisogo cha mwasisi kiko kwenye urithi: amemkabidhi mwanawe cheo cha mkurugenzi lakini mafundi bado wanampigia yeye simu, naye anapokea na kuamua. Hajui kwamba kila simu anayopokea inamvua mtoto wake madaraka. Mgogoro wa hisa na mirathi mpelekeeni mwanasheria.

Inachukua muda gani na inagharimu kiasi gani?

Kwa kawaida miezi sita hadi mwaka, kikao cha saa moja hadi moja na nusu kila wiki mbili au tatu. Chini ya hapo utapata hamasa, tabia itabaki palepale. Gharama ziandikwe kwa mkupuo wa kazi nzima pamoja na mahojiano na watu wako, na kuwe na kipengele cha kila upande kujitoa baada ya vikao vya mwanzo kama hamwendani.

Nitamtambuaje kocha wa kweli?

Mtu yeyote anaweza kujiita kocha, kwa hiyo uliza. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, lina ngazi tatu za vyeti: ya kwanza inadai angalau saa 100 za kufanya ukocha, ya pili 500, ya tatu 2,500, pamoja na mafunzo. Ulaya kuna EMCC, baraza la walezi wa kikazi na makocha. Cheti hakimfanyi mtu kuwa na hekima, lakini kinaonyesha amefanya kazi chini ya macho ya wengine na kuna kanuni za maadili anazoweza kushtakiwa nazo.

Zaidi ya cheti, tazama kikao cha kwanza. Anaongea kuliko wewe? Anakutajia wateja wake wakubwa kwa majina? Basi kesho atakutaja na wewe. Anakuahidi mauzo yatapanda mara mbili? Ondoka. Na usimchanganye kocha na mzungumzaji wa hamasa. Huyo anawainua watu elfu moja ukumbini kwa saa mbili, na ana kazi yake. Kocha anakaa na mtu mmoja kwa miezi, mara nyingi bila makofi yoyote.

Naweza kuanza mwenyewe kabla sijamlipa mtu?

Ndiyo, na ningependa uanze. Chagua watu watatu unaofanya nao kazi kila siku, angalau mmoja awe mdogo wako sana kicheo. Muulize kila mmoja peke yake: “Wiki ijayo nifanye jambo gani moja tofauti ili kazi yako iwe nyepesi?” Swali linaangalia mbele, kwa hiyo halimlazimishi kukukosoa mkubwa wake kwa yaliyopita. Adabu yake inabaki salama.

Akijibu “hakuna, bosi, uko sawa,” usimbane. Mwambie utamuuliza tena Ijumaa, na Ijumaa muulize kweli. Akisema jambo, liandike mbele yake, sema “asante”, basi. Usieleze sababu. Usiseme “unajua, tatizo ni kwamba…” Sentensi hiyo ndiyo inayoua kila kitu. Kisha lifanye, hata kama ni dogo: kuacha kupiga simu saa nne usiku, kuanza kikao saa uliyotaja. Ndani ya wiki utaona watu wanakutazama kwa mashaka, wanajiuliza itadumu hadi lini. Usiwachukulie vibaya. Wanapima.

Na kikaoni zungumza wa mwisho. Mkubwa akishasema anachopendelea, majadiliano yamekwisha, hata kama watu wataendelea kuongea kwa nusu saa.

Ni lini ukocha haufai?

Fedha zinapoibwa, unahitaji mkaguzi. Mtu asiyelala, asiyekula, aliyekata tamaa ya maisha apelekwe kwa daktari au mnasihi, na kocha mwaminifu atasema hivyo siku hiyohiyo. Madeni ya kodi yana wataalamu wake. Na mwajiri ambaye ameshaamua kumfukuza meneja wake asimtumie kocha kama hatua ya kupamba faili. Kazi za namna hiyo nazikataa, maana huyo meneja atafungua moyo kwa mtu aliyeletwa kumzika.

Haufai pia kwa asiyetaka. Mke, mume au bodi wakikusukuma huku wewe huoni haja, subiri kwanza.

Nitajuaje kama nimebadilika?

Usijiulize wewe. Baada ya miezi sita kocha arudi kwa watu walewale na maswali mawili tu: kwenye yale mambo mawili tuliyochagua, kuna mabadiliko gani uliyoyaona? Na ni jambo gani bado humwambii?

Kuna dalili nyingine unayoweza kuifuatilia mwenyewe, na naiamini kuliko alama za dodoso. Kila habari mbaya ikikufikia, andika tarehe ilipotokea na tarehe uliyoambiwa. Lori limeharibika Jumanne, umeambiwa Ijumaa. Mteja amelalamika tarehe tano, umesikia tarehe ishirini. Mwezi wa kwanza utaumia ukiziona hizo tarehe. Pengo likianza kupungua, lile la siku kumi na tano likawa la siku mbili, watu wako wameanza kukuamini. Angalia pia habari zenyewe zinaletwa na nani. Kama bado zote zinapitia kwa mtu mmoja anayejua kukupangia maneno, muda wa kusherehekea haujafika. Endelea kuuliza kila Ijumaa, hadi yule mdogo kuliko wote aje mwenyewe kukuambia.